Mita ya Jiwe la Tabaka

Nimefukuzwa sokoni mara moja tu maishani mwangu, na kilichonifukuzisha ni kilele.

Kilele ni ule mlima mdogo wa nafaka unaosimama juu ya gorogoro baada ya gorogoro kujaa. Na gorogoro ni mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ambao kila mama muuza nafaka alikuwa nao pale sokoni Nyamira. Hakukuwa na mikebe miwili iliyolingana, kwa sababu mmoja ulikuwa umebonyea ubavuni na mwingine ulikuwa umegongwa kitako na mwenyewe kabla hajatoka nyumbani. Wanunuzi waliyajua hayo yote. Ndiyo maana kukawa na kilele, cha kufidia maovu ya mkebe.

Mimi sikuyajua. Nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na mitatu, mtu wa kando ya ziwa, niliyepangiwa shule ya msingi kwenye kilima kimoja upande wa Sironga mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kikisii nilijua salamu tu. Nikishamaliza salamu nilikuwa mgeni tena, kwa hiyo watu walizungumza nami Kiswahili, kila mmoja na chake. Na nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya wiki moja mjini Kisii, kozi ya vipimo vipya, ambako nilikuwa nimeokoka.

Sitanii. Wengine huokokea kwenye mikutano ya injili, mimi niliokokea kwenye mita. Hebu fikiria tulikotoka. Futi moja ina inchi kumi na mbili. Yadi moja ina futi tatu. Maili moja ina yadi elfu moja mia saba na sitini. Nani aliketi kitako akaamua kwamba mia saba na sitini ndiyo hesabu ya kuwapa watoto, na kwa nini hakuna mtu aliyekuwa karibu akamzuia? Ratili wakia kumi na sita, galoni painti nane. Nilichapwa kwa ajili ya wakia nikiwa darasa la nne, na mkono wangu haujasahau. Halafu mkufunzi anasimama mbele yetu na kusema: mita ni sentimita mia, kilo ni gramu elfu, na ukitaka kugeuza hiki kuwa kile unasogeza nukta. Unasogeza nukta! Akaongeza kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nilisikia machozi yakinilengalenga, na sioni aibu kusema.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaenda sokoni kununua wimbi, na kuhubiri.

"Mama," nikamwambia muuzaji, mjane mmoja mwenye mikono mikubwa, "hiki kilele hakina kipimo."

"Kilele ni yako, mwalimu. Nimekupatia."

"Lakini ni kiasi gani?"

"Ni ile inaweza kukaa bila kuanguka."

Nikamweleza kwa upole kwamba siku za mambo ya kukaa bila kuanguka zimekwisha. Katika vipimo vipya kitu kinajaa mpaka kwenye mstari, basi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja juu ya gorogoro langu, akakikwangua kilele chote kikarudi kikapuni mwake, akanipa mkebe ulio bapa kwa bei ileile.

"Haya," akasema. "Hiyo ndiyo ya serikali."

Wanunuzi waliokuwa nyuma yangu wakaelewa papo hapo kinachokuja. Mmoja akapiga kelele kwamba mwalimu wa ziwa ameleta sheria ya kuondoa kilele, na kabla sijafafanua jambo la nukta nilikuwa nje ya soko, magunzi ya mahindi yakinifuata mgongoni.

Mjane yule alikuwa na binti katika darasa langu la saba, na habari hii ni ya binti huyo.

Alikuwa mrefu, mkimya, na kwa hesabu za kichwa hakuwa na mpinzani. Ungemuuliza swali ukiwa unafuta ubao, naye angekuwa amejibu kabla hujageuka. Tena alikuwa anaruka. Watoto wengine hukimbia mpaka kwenye shimo la mchanga, kisha wanatumbukia humo. Yeye alikimbia, akainuka, akakaa hewani muda wa kutosha kwa mtu kusema neno zima, halafu ndipo akashuka.

Na kulikuwa na jambo. Shule moja ya wasichana ya bweni, ng'ambo ya vilima, ilikuwa imechoka kushindwa katika kuruka mbali kila mwaka. Mwalimu wao wa michezo alituma habari katika shule zote: msichana wa darasa la saba atakayeruka mita nne kwenye michezo ya wilaya atapewa nafasi ya kidato cha kwanza, asome bure mpaka amalize. Mita nne. Hakusema futi wala yadi. Mjane yule alikuwa na mabinti wawili wakubwa waliomaliza darasa la saba vizuri tu, na wote wawili walikuwa wameolewa kwa kukosa karo. Huyu wa tatu wajumbe walikuwa wameshaanza kumuulizia, wakija na kuketi, wakisifu chai, wakitazama zizi. Kwa hiyo sote tulijua: mita nne au ng'ombe.

Shida ni kwamba shule yetu haikuwa na mita.

Ofisi ya elimu ilikuwa imetoa rula moja ya mbao ya mita moja itumiwe na shule zote za eneo letu kwa zamu, wiki moja kwa kila shule. Mwalimu mkuu wetu aliuchukia mpango huo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nene, na aliamini kwamba shule isiyo na mita yake ni ya kuombaomba. "Tena mbao ni ya mchwa," alisema. "Sisi tuko na mawe. Peleka hii rula Tabaka, wakachonge mita ya jiwe. Hiyo itakaa mpaka Bwana arudi."

Nilipaswa kucheka. Badala yake niliona ni wazo zuri mno. Tabaka, kijiji cha wachongaji wa jiwe laini, walikuwa wakichonga kiboko, twiga, sahani, na seti za sataranji zinazosafirishwa ng'ambo. Nani angeshindwa na mita, kitu kisicho na miguu wala masikio? Nikafunga safari na rula yangu mkononi.

Fundi aliyenipokea alikuwa mzee mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Aliigeuza rula huku na huku.

"Hii si ni ya kupima?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unataka ingine ya kupima."

"Hii lazima irudi Ijumaa. Tunataka ya kwetu, ya jiwe."

"Sawa. Kwa mwisho niweke nini? Kichwa ya twiga?"

"Usiweke chochote."

"Kiboko?"

"Mzee, mita haina kichwa."

Akanitazama kwa huruma. "Kitu haina kichwa, nani atanunua?"

Lakini aliichonga, na aliichonga vizuri. Ilikuwa ya waridi hafifu, laini kama ukucha, ina mistari mia iliyopakwa wino mweusi, na ililingana na rula ya mbao kwa usahihi ambao ulinifanya nimshike mkono mara mbili. Uzito wake ulikuwa kama kilo saba. Niliifunga kwa majani makavu ya migomba na kuirudisha shuleni begani. Ijumaa rula ya mbao ikaenda shule iliyofuata.

Jumatatu mwalimu mkuu akaamua kuiweka mita wakfu. Ikalazwa juu ya meza mbele ya paredi, watoto wakaimba, naye akaanza maombi marefu, macho yamefumbwa, akimshukuru Mungu kwa kuumba urefu. Alipofika kwenye upana alifungua mikono. Kiwiko cha kulia kikagusa. Aliyekuwa amefumbua macho ni mimi peke yangu, na niliiona mita ikizunguka polepole ukingoni mwa meza, ikaanguka juu ya kizingiti cha ofisi, ikawa vipande viwili na unga.

"Amina," akasema mwalimu mkuu, kwa sauti ndogo.

Nikarudi Tabaka na vipande viwili gunia moja. Fundi hakushangaa. "Nilikuambia tuweke kiboko," akasema. "Kiboko ingeshikilia."

Kisha akanieleza kazi yake, na alinieleza wazi kabisa, hilo siwezi kumlaumu. Sehemu iliyovunjika ilikuwa imemeguka vibaya, huku imeingia, huku imetoka. Lazima akate nyuso zote mbili ziwe sawa ndipo gundi ishike. Alikata. Akagundisha, akafunga kwa kamba ya mgomba, na tukasubiri siku mbili, mimi nikilala kwa ndugu yake. Baada ya hapo akaipiga msasa wa maji mpaka kovu likapotea, na ile mistari yote ikapotea nayo. Kisha akachora mistari upya, kwa jicho tu, mkono wake hautetemeki.

"Mia?" nikauliza.

"Mia. Hesabu."

Nilihesabu. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari nikihesabu kwa sauti, na ilipofika mia nilirudia tena kutoka upande wa pili, maana mimi ni mtu mwangalifu. Mia kwenda, mia kurudi. Mita ni sentimita mia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Nikatoa shukrani, nikaibeba nyumbani.

Hapo yakaanza mambo ya ajabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyashuku. Kwenye kozi ya Kisii nilipimwa nikawa na mita moja na sentimita sabini na mbili. Sasa nikajipima kwa mita ya jiwe, nikawa na themanini na tatu. Nilidhani ni ugali wa wimbi. Nilimwandikia mama yangu barua kwamba huku kunanipenda, nimerefuka. Watoto wa darasa la tano walipopimwa, mwalimu mkuu alisoma majina yao na urefu wao paredini kwa fahari, akasema shule yetu ina watoto warefu kuliko wa shule zote jirani, na kwamba hayo ni matunda ya nidhamu.

Binti wa mjane akaanza mazoezi. Awali alikuwa anaanza kukimbia kutoka kwenye mpera uliokuwa pembeni mwa uwanja, na nikamuuliza siku ya michezo mpera huo ataubebaje mpaka Kisii. Nikamweleza kwamba uzuri wa mita ni huo hasa: unaiandika kwenye daftari, unakwenda nayo popote, na popote iko vilevile. Tukapima kwa mita ya jiwe, watoto wawili wakiibeba na kuilaza, kuibeba na kuilaza, kutoka kwenye ubao wa kurukia mpaka kwenye mpera. Ikawa mita ishirini na mbili kamili. Nikaandika: mbio, 22. Akaruka, tukapima. Nne na ishirini. Wiki iliyofuata, nne na thelathini. Nikaandika na kupigia mistari miwili.

Mama yake alikuja shuleni kuniona, kwa mara ya kwanza tangu mambo ya sokoni. Aliniletea wimbi, na safari hii alikuwa ameweka kilele kirefu sana.

"Mwalimu, hiyo nne anafikisha?"

"Anapita, mama. Anapita kwa sentimita thelathini."

"Hiyo ni kama ngapi?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akatazama nafasi iliyokuwa kati ya viganja vyangu kwa muda mrefu, na kisha akacheka, akafuta macho na leso.

Michezo ya wilaya ilikuwa Jumamosi. Jumanne ya wiki hiyo afisa wa vipimo na mizani akaja Nyamira kukagua mizani za maduka. Mwalimu mkuu, ambaye hakuweza kuona mgeni wa serikali akapita bila kunywa chai kwake, akamwalika aje aone mita ya jiwe. Akaja saa kumi jioni, watoto wameshakwenda nyumbani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na alikuwa na mita yake ya shaba kwenye kifuko cha ngozi. Alimaliza chai kwanza. Kisha akailaza shaba kando ya jiwe.

Akakohoa. "Tisini na nne," akasema.

"Tisini na nne nini?" akauliza mwalimu mkuu.

"Sentimita."

"Hapana, bwana afisa. Hiyo ni mia. Hesabu."

Na maskini afisa akahesabu. Alihesabu mistari yote akiwa ameinama, jasho likimdondoka puani, na alipomaliza alinyooka akiwa amechoka. "Ni mia," akakubali. "Lakini si sentimita."

"Sasa ni nini?"

"Sijui. Hazina jina."

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilikuwa nikiona ule msumeno wa fundi ukikata uso huu na uso ule, unga mweupe ukianguka, nami nimekaa pale kwenye kigoda, nikimpongeza.

"Mnauza nini na hii?" afisa akauliza, kalamu tayari.

"Hatuuzi kitu. Tunapima watoto."

"Watoto wanauzwa?"

"Yaya!" mwalimu mkuu akaruka kwa Kikisii. "Hapana! Ni kuwafundisha tu!"

"Basi mnawafundisha uongo," afisa akasema, na akaandika hilo pia. Akaeleza kwamba kipimo cha uongo hakiwezi kuachwa mikononi mwa umma. Mwalimu mkuu akadai risiti, akapewa, nami niliisoma kwa macho yangu: "Mita moja, pungufu." Wakaibeba wao wawili mpaka kwenye Landrova, wakailaza kiti cha mbele, afisa akaifunga kwa kamba isije ikaanguka, na akaondoka nayo.

Kesho yake asubuhi watoto walikuta meza tupu. Mwalimu mkuu akasimama mbele yao bila hata kupepesa jicho. "Mita yetu," akatangaza, "imeitwa kozi mjini Kisii." Watoto wakapiga makofi. Baadaye akanivuta ofisini na kufunga mlango. "Hakuna mtu atajua hii maneno mpaka michezo iishe," akasema. "Umenisikia, mwalimu? Hakuna mtu."

Nilimsikia, na ukweli ni kwamba nilifurahi kuamriwa nilichokuwa nakitaka. Usiku wa Jumanne nilikuwa nimeshapiga hesabu. Nne na thelathini za jiwe ni nne na sentimita nne za kweli. Kumbe ile nafasi niliyomwonyesha mama yake kwa mikono ilikuwa vidole viwili. Nikajisemea kwamba mtoto akiamini anaruka nne na thelathini atakwenda kwa moyo mkunjufu na vile vidole viwili vitamtosha. Nikimwambia, atashikwa na hofu, na hofu itamla sentimita zote nne. Nilijiona mwenye busara nyingi sana. Sikujiuliza kama sikuwa naogopa pia kumweleza ni nani aliyehesabu mistari mara mbili.

Alhamisi akanifuata. "Mwalimu, tupime tena? Hata kwa kamba?"

"Pumzika," nikamwambia. "Uko tayari."

Jumamosi tukaenda Kisii. Uwanja ulikuwa umejaa, kila shule na wimbo wake. Shimo la mchanga lilikuwa zuri, na kando yake aliketi yule mwalimu wa michezo wa shule ya bweni, mwanamke mwenye miwani na kofia pana, daftari magotini. Mjane alikuwa amefunga leso mpya, amesimama na mwalimu mkuu nyuma ya kamba. Kila mrukaji alikuwa na mara tatu.

Binti akaazima utepe wa waamuzi, akapima mita zake ishirini na mbili kama tulivyoandika, akaweka kijiti. Alinipungia mkono. Akakimbia, akainuka, na niliona kuna kitu hakikukaa sawa: aliuacha ubao akiwa bado hajaufikia, kana kwamba miguu ilikuwa imehesabu kivyake. Mwamuzi akanyoosha utepe.

"Tatu na sabini!"

Binti akageuka kunitazama. Nikamfanyia ishara kwamba si kitu, aruke tena. Akarudi kwenye kijiti, akakimbia kwa hasira, akaruka.

"Tatu na sitini na nane!"

Sasa akamwendea mwamuzi. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Mwamuzi, mita yako ni mrefu."

Mwamuzi akacheka mpaka akashika tumbo. "Binti, mita ni mita."

"Hii ni mrefu. Ya kwetu si hivi."

Warukaji wengine wakaanza kucheka. Mwalimu wa miwani akainua kichwa kutoka kwenye daftari, akatazama, akageuza ukurasa. Na mjane akanifikia kutoka nyuma ya kamba, akanishika mkono wa shati. "Mwalimu, hawa wanapima bila kilele?" akauliza, na hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Hapo ndipo busara yangu yote iliponitoka. Nikaruka kamba, nikamvuta mtoto kando, nikamwambia: mita yetu haikuitwa kozi. Imekamatwa. Ilikuwa fupi.

Hakulia. Akaniuliza jambo moja tu. "Fupi na ngapi?"

"Sentimita sita."

"Kwa kila mita?"

"Kila mita."

Akatazama kijiti chake, kule mbali. Midomo ikacheza mara moja. "Ishirini na mbili mara sita ni mia na thelathini na mbili," akasema. "Mwalimu, mimi naanzia mbali. Mita moja na thelathini na mbili. Ndiyo maana mguu haipati ubao."

Siku nne nilikuwa nimepiga hesabu za kuruka tu, na mbio sikuzigusa. Wala sitaki kufikiria tungekuwa wapi kama ingekuwa futi na inchi. Labda tungekuwa bado tumechuchumaa pale, tunachora mavumbini, tunagawa kwa kumi na mbili, huku michezo imekwisha na watu wamekwenda zao. Nilikuwa nimehubiri uzuri wa mita kwa mwaka mzima, na yule mtoto aliuonyesha kwa pumzi moja. Akaomba utepe. Mwamuzi akampa huku akitabasamu, akiuliza kama sasa umefupika. Binti akapima kutoka kwenye kijiti kuja mbele mita moja, sentimita thelathini na mbili, akang'oa kijiti na kukichomeka upya.

Sikuweza kutazama. Nilimtazama mama yake, na kwa kuwa yeye alikuwa akitazama, niliuona ule mruko wote usoni mwake.

"Nne," mwamuzi akasema, akainama tena, akavuta utepe ukakaza. "Nne na sentimita tatu!"

Mjane akapiga kigelegele kimoja kirefu. Mwalimu mkuu akaondoa kofia. Mwanamke wa miwani akasimama, akamwita binti kwa kidole, akaandika jina lake, akamuuliza jina la mama, akaandika na hilo pia. Nami nikasimama kando ya shimo la mchanga nikicheka peke yangu, nikimsubiri, tayari kupokea pongezi zangu.

Alikuja akipangusa mchanga kwenye magoti. Hakuwa anacheka.

"Mwalimu, ulijua lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Jumamosi." Alihesabu kwa vidole, yeye ambaye hakuwahi kuhesabu kwa vidole. "Siku nne. Nilikuambia tupime, ukasema nipumzike."

"Sikutaka kukuvunja moyo," nikamwambia. "Niliona moyo wako hautaweza."

"Na moyo yangu," akaniuliza, "ulipima na nini?"

Akaokota sweta yake, akaikung'uta mchanga, akaenda kwa mama yake.